Damu ya Mzee

Philippa, mtayarishaji, kanitumia kurasa nne.
Anataka dhahabu. Anataka moshi.
Anataka santuri izunguke polepole gizani
na mikwaruzo juu yake, ya kupikwa kwenye kompyuta,
"ili mtazamaji ajue mara moja kwamba hii ni historia."
Vipindi sita: spika za Huddersfield,
za vyumba vya chini, za kumbi za kanisa,
za harusi zilizopasua vioo vya jirani.
Wiki ya tatu hii naikoroga dhahabu yake.
Kila nikiitazama naona boksi la manukato.

Jumanne nikapanda kilima kwa Bwana Everton Pinnock.
Mvua ya huku hainyeshi, inakaa tu hewani
kama mgeni asiyejua kuaga.
Akafungua banda nyuma ya nyumba, akavuta turubai,
na spika ikasimama mbele yangu, ndefu kuniliko,
mbao za kabati la nguo, pembe zimevikwa bati,
na ile rangi.
Jina lake likanitoka kabla sijafikiri:
damu ya mzee.

"Umesema nini?"
Nikamweleza. Kwetu Tanga ndivyo tuiitavyo,
dukani kwa vitambaa, kwa fundi rangi, popote.
Hakucheka. Kiganja kikatua juu ya mbao.
"Ilikuwa masazo ya gereji ya mabasi," akasema.
"Nilikuwa na miaka ishirini na tatu.
Mzee hakuwepo bado.
Damu ilikuwepo."

Ubavuni, kwa nyeupe iliyokwisha kuwa maziwa ya jana:
PINNOCK TOWER.
R imeinama mbele kama mtu anayesubiri mlango ufunguliwe.
O mbili, hazijuani.
K imebanwa pembeni, nafasi ilimwishia mchoraji.
Mimi herufi nilizijua kwenye kanga ya mama,
kabla ya ubao, kabla ya mwalimu:
herufi kubwa, za kujitangaza,
na mama akipiga hatua sentensi inakunjika
neno la kati linapotea, nalikisia.
Nikapiga picha arobaini. Nikasahau kuvaa kofia.

"Nani aliandika?"
"Aliye jikoni."

Bi Icilda alikuwa mshonaji, kiwanda cha sufu, miaka kumi na tisa.
Herufi alizikata kwa mkasi wa kazini
kwenye karatasi ya vipimo vya gauni la mtu
ambaye, anasema, hakurudi kulichukua.
Nikamwambia shida yangu: herufi ninazo kumi.
Kichwa cha mfululizo kinadai A. Kinadai S. Kinadai M.
Akaniuliza kama nimekula.
Nilipomaliza wali na maharage
akavuta bahasha ya bili ya umeme,
akaomba mkasi, na mkono wake,
ambao siku hizi haumtii, ukaanza kukata.

A ikatoka na mguu mfupi.
M, sawa.
S akaikata mara tatu, akaitupa mara mbili,
akaitukana kwa lugha ya mama yake,
na ya tatu kanisukumia: "Chukua, kabla sijaichukia."
Kingo zake zote ni mawimbi madogo.

Usiku, kwenye skrini, nilijua kitufe kilipo.
Kugusa kimoja tu, S ingenyooka kama askari.
Nikaenda kuchemsha chai.
Nikarudi.
Chai ikapoa, S ikiwa vilevile.

Philippa alipiga simu asubuhi. "Hii S inatetemeka."
Nikamwambia asimame mbele ya spika ile ikiwa imewashwa,
kisha anionyeshe kitu kisichotetemeka.
Akakaa kimya muda mrefu, muda wa kulipiwa.
Tumepatana: dhahabu yake itakwenda
kwenye mabango ya vituo vya basi.
Vipindi ni vyangu.

Na mhariri, kijana Tristram, wa Leeds,
kila asubuhi ananiomba faili kwa jina nililolipa,
akilitafuna vibaya, kwa heshima zote:
"Damu ya mizei, tafadhali."
Namtumia.
Maana yake hajauliza.